Mtoto akianza sala na "shikamoo Mungu" usicheke: namna ya kumsaidia asali kwa maneno yake

Nafundisha sande skuli darasa la wadogo, wale wa miaka mitatu mpaka saba, na nyumbani nina wangu watatu, kwa hiyo sala za watoto nimezisikia mpaka basi. Kuna mmoja alikuwa anaanza hivi: "Shikamoo Mungu. Marahaba." Anajijibu mwenyewe afu anaendelea na maombi yake kama kawaida. Siku ya kwanza wenzake waliangua kicheko na mimi mwalimu mzima nikacheka nao, na yule mtoto hakusali tena kwa sauti mpaka Pasaka ikakaribia, ilikuwa ni Januari, hebu piga hesabu. Nikikumbuka naona aibu hadi leo kwasababu mtoto hakukosea kitu. Nyumbani kafundishwa ukimkuta mkubwa unamwamkia kwanza ndo useme shida yako, na Mungu kaambiwa ni mkubwa kuliko wote, sasa alitaka aingieje, bila hodi?

Basi haya ninayoandika ndo nayofanya siku hizi, kanisani na kwangu. Mimi ni Mlutheri lakini jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Mwislamu, watoto wetu wanacheza pamoja na tunaongea sana haya mambo, kwa hiyo mengi utaona yanafaa pande zote.

Hatua ya 1: Sikiliza wiki nzima bila kusahihisha chochote

Wiki moja tu. Akisema "asante Mungu kwa kuku na kwa miguu ya meza", we sema amina. Unachotafuta ni taarifa, sio makosa. Anataja nani kwanza, nani alikuwa anatajwa sasa hatajwi, maneno gani ni yake na yapi kayaokota kanisani, sauti inabadilika lini. Mwanangu wa pili aliacha kumtaja mwalimu wake wa chekechea kwenye sala, nikaona ni kusahau tu, kumbe kuna siku alifokewa mbele ya darasa na alikuwa hajaniambia.

Afu usisikilize muda wa sala peke yake, maana mambo ya rohoni ya mtoto hayakai pale anapofumba macho. Yako kwenye michezo. Siku moja walikufa vifaranga viwili nyumbani, watoto wakachimba shimo nyuma ya choo, wakaweka maua ya mbaazi, mmoja akawa mchungaji kajifunga kanga mabegani, mwingine akasoma "wasifu wa marehemu", eti marehemu alipenda pumba na kukimbia. Nilisimama dirishani nikacheka mpaka mwisho walipoimba, wakanyamaza wote kwa muda mrefu bila mtu kuwaambia, na kale kadogo kakauliza "sasa wanatuona?" Hilo swali sijawahi kulipata darasani hata siku moja pamoja na picha zangu zote za kubandika.

Na uwe na matarajio ya umri wake. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Diane Long, David Elkind na Bernard Spilka, waliwahoji watoto 160 wa miaka 5 hadi 12 kuhusu sala ni kitu gani. Kwa ufupi walichoona ni kwamba wadogo kabisa wanajua sala inahusiana na Mungu ila wanaishika kama maneno ya kutamka tu, wa kati kama miaka saba hadi tisa wanaona ni kitendo, unaomba kitu fulani, na wakubwa ndo wanaanza kuiona kama maongezi ya ndani na wanaombea na watu wengine. Walikuwa watoto wa kule sio wa Morogoro, lakini mimi darasani kwangu naona karibu vilevile, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anayeomba baiskeli kila siku siku arobaini sio mbinafsi, yuko tu kwenye umri wake.

Hatua ya 2: Tenganisha maneno ya kuazima na maneno yake

Wote tunayajua maombi yetu watu wazima yanavyoanza. "Mungu Baba mwenyezi, tunakushukuru kwa siku ya leo maana wengi walitamani kuiona lakini hawakuiona, si kwamba sisi ni wema sana bali ni kwa neema yako tu." Halafu wagonjwa walioko mahospitalini, wafungwa walioko magerezani, wajane na yatima, ndo unafika kwenye chakula kimeshapoa. Sasa mtoto wa miaka sita anakushushia yote hayo bila kupumua na mama mtu pembeni anajisikia fahari. Muulize baadae, kwa upole, "hivi hao waliotamani kuiona ni akina nani?" Mmoja aliniambia ni watu walioachwa na basi.

Sisemi ni vibaya. Mtoto anajifunza kuongea kwa kuazima maneno ya wakubwa na kusali ni hivyohivyo, hata mwanafunzi mmoja wa Yesu, mtu mzima na ndevu zake, alimwambia "Bwana, tufundishe sisi kusali", alitaka kupewa maneno. Tatizo linakuja pale mtoto anapodhani hayo ndo maneno pekee Mungu anayoelewa. Hapo anaanza kuwa na lugha mbili, moja ya sala ambayo haina chochote cha kwake ndani, na nyingine ya kitandani gizani ambayo haithubutu kuwa sala.

Na kuna wale wa kukemea. Sauti ya kukwaruza, mkono juu, "shindwaaa kabisa katika jina la Yesu", chupa ya soda ndo maiki. Hao usiwagombeze, wanaigiza kile wanachokiona kina nguvu. We uliza tu akimaliza, "umekemea nini leo?" Wangu wa mwisho alijibu "mbwa wa kwa Mangi". Basi kesho yake tukasali kwa sauti ya kawaida kuhusu huyo mbwa, na pia nikaenda kwa Mangi, mwenye duka letu la mtaani, kumwomba amfunge mchana, maana kuna vitu sio vya kukemea ni vya kwenda kuongea na mwenye mbwa.

Hatua ya 3: Fungua neno moja kwa wiki

Hapa ndo penye utamu wenyewe na ndo pagumu. Kiswahili cha Biblia na cha sala kina maneno ambayo mtoto anayajua tayari, ila anayajua kwa maana nyingine kabisa ya mtaani, kwa hiyo haulizi, anaona kaelewa.

Chukua Baba Yetu. Mathayo 6 kwenye Union Version inasema "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Mtoto anayetumwa dukani kukopa nusu kilo ya sukari anajua deni ni nini, liko kwenye daftari la Mangi, na kuna mmoja alifurahi sana akaniambia kumbe tukisali Mangi anafuta. "Usitutie majaribuni" nayo, sasa hivi shule kila Ijumaa ni jaribio, jaribio la hisabati jaribio la Kiingereza, kwa hiyo darasa zima langu wanaomba kwa moyo wote Mungu asiwatie humo. Hilo sikulisahihisha haraka, niliwaacha wiki mbili, ni sala ya kweli kabisa ile.

Wakatoliki wanasema "utuopoe maovuni", na hapo wamebahatika maana mtoto aliyewahi kuona ndoo ikiopolewa kisimani anaelewa mara moja kuliko hata sisi na "utuokoe" yetu. Ila kwenye Salamu Maria kuna "umejaa neema", na kila darasa lina Neema wawili watatu. Kabinti kamoja ka jirani Mkatoliki kaliniuliza Maria alijaaje Neema.

Zaburi ya 23 ndo usiseme. "Bwana ndiye mchungaji wangu", mchungaji kwake ni yule baba mwenye kola nyeupe anayekuja na pikipiki, hajawahi kuona mtu wa kondoo akaitwa hivyo, na Bwana ni mume wa shangazi. Halafu unafika mstari wa nne, "gongo lako na fimbo yako vyanifariji". Ndugu zangu. Mtaani kwetu gongo ni pombe, linapikwa, polisi wanakuja kulimwaga, na fimbo iko ofisi ya walimu. Mtoto anakariri kwamba Mungu ana gongo na fimbo na hivyo ndo vinamfariji, na sisi tunampigia makofi kwamba kakariri vizuri!

Unafunguaje? Usitoe hotuba. Mimi nafanya hivi, wiki hii neno ni "gongo", namuuliza yeye anaonaje ni nini, namwacha aseme mpaka mwisho, halafu nampa kitu cha kushika. Nilileta fimbo ndefu ya mchungaji wa ng'ombe, tukacheza, mmoja ni kondoo kaenda kwenye shimo, mwingine anamzuia kwa gongo, mwingine ni simba anafukuzwa. Dakika kumi imeisha. Wiki inayofuata neno lingine. Usichanganye mawili, na usirudi nyuma kuwauliza kama mtihani maana utakuwa umewatia majaribuni kweli.

Kwa Waislamu jambo hili liko kivingine kidogo kwasababu maneno yenyewe ni ya Kiarabu, kwa hiyo mtoto anajua kabisa kwamba hajui. Jirani yangu aligundua wa kwake anasema dua ya kulala, "Bismika Allahumma amutu wa ahya", kila usiku vizuri tu, siku alipoambiwa maana yake, kwa jina lako ewe Mola nakufa na ninaishi, akaogopa kulala siku mbili. Akamwelezea upya kwamba usingizi umefananishwa na kifo na asubuhi unarudishwa, na pale ndo kuna dua ya kuamka ya kushukuru, zinakwenda mbili mbili. Anasema tangu hapo kila dua anampa na maana yake kwa Kiswahili hapohapo. Ile ya kuombea wazazi, "Rabbi rhamhuma kama rabbayani saghira", mtoto aliposikia maana yake ni Mola wangu warehemu kama walivyonilea nilipokuwa mdogo, akauliza "lakini mi bado mdogo, niseme kama wanavyonilea?" Mama yake alikosa la kusema. Swala yenyewe ina utaratibu wake na madrasa wanafundisha, ila baada ya hapo akiinua mikono anaomba kwa Kiswahili yale ya kwake.

Na usishangae akiuliza Mungu anajua lugha gani. Wangu waliuliza walipoenda Kilimanjaro wakamsikia bibi anasali kwa Kichaga anaita Ruwa, wakadhani bibi ana mwingine. Bibi akawajibu "ni huyuhuyu, ila mimi tumejuana naye zamani". Nimeiba hilo jibu nalitumia hadi leo.

Hatua ya 4: Mpe pa kuanzia

Mtoto ukimwambia "haya sali kwa maneno yako" anaganda. Mpe mwanzo tu wa sentensi: asante kwa, samahani kwa, naomba, na hii ya nne watu wengi hawaitumii, "leo nimeona". Hiyo ya nne ndo inaleta vitu. "Leo nimeona konokono anakunywa maji." Basi, ni sala, amina. Achague moja, sio zote nne. Sekunde thelathini zinatosha kwa wa miaka minne, na akinyamaza katikati usimjazie maneno, hesabu kimoyomoyo hadi kumi ndo useme kitu, mara nyingi kinachotoka kwenye sita au saba ndo chenyewe.

Macho yakiwa wazi pia ni sawa. Wengine wanaogopa giza la kufumba.

Hatua ya 5: Angalia maneno yako wewe, hasa ya vitisho na ya msibani

"Mungu anakuona!" Hii tunaisema mtoto akiiba sukari, hatuisemi akimpa mwenzake nusu ya andazi. Matokeo yake Mungu anakuwa askari wa kuotea vichakani, na mtoto gani anataka kumsimulia askari mambo yake? Jaribu wiki moja kuisema kwenye mazuri tu uone sala zinavyobadilika. "Mungu atakuchapa" hiyo itoe kabisa, kama unataka kumchapa sema ni wewe, usimsingizie.

Ya msibani ndo mazito. Tunasema "sisi tulimpenda lakini Mungu kampenda zaidi", tunaisema tukiwa na nia njema na mtu mzima anaelewa ni kufarijiana. Mtoto hasikii faraja, anasikia habari. Alipofariki baba mkwe wangu, mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano, baada ya wiki moja kwenye sala akasema "Mungu usinipende sana, nipende kidogo". Nilitoka nje nikalia. Na "babu amelala" vilevile, na ule usiku wenyewe ukamwambia "haya ukalale", unategemea nini? Na "Bwana ametoa Bwana ametwaa" kwa mtoto ni sawa na mtu aliyekupa zawadi akaja kuidai.

Sema neno lenyewe, amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, haumwi, hatarudi, tutamkumbuka, na kama imani yako inakwambia tutaonana tena sema na hilo, ila lije baada ya ukweli sio badala yake. Halafu mwache asali anavyotaka. Atamwomba Mungu amrudishe, ataomba siku nyingi, usimkataze na usimwahidi. Mimi nilimwambia "mama naye anatamani, lakini watu waliokufa hawarudi kukaa na sisi huku, tunaweza kumwambia Mungu kwamba tumem-miss". Akasema, kwa hiyo Mungu anaweza kumpa salamu? Nikasema hiyo mwombe. Basi kwa karibu mwaka mzima sala zetu zilikuwa zinaishia "msalimie babu", na siku moja zikaacha kuishia hivyo, yeye mwenyewe.

Kuhusu baiskeli na maombi mengine yasiyojibiwa, tafadhali usiseme "hukuomba kwa imani". Mtoto hana pa kupeleka hiyo kauli zaidi ya kujilaumu. Sema hela hatuna, kama ni kweli hatuna.

Hatua ya 6: Sala isiwe maonyesho wala isiwe barua kwa mtoto

Wageni wamekuja, "haya njoo usali wasikie", anasali, wanapiga makofi, unarekodi unaweka stetasi. Nimewahi kufanya. Baada ya hapo mtoto anasali akiangalia simu iko wapi. Kama anaongoza sala ya chakula mezani au siku ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto kanisani hiyo ni kazi ya wazi, aifanye kwa raha, makofi ruksa. Ya chumbani iache chumbani.

Barua kwa mtoto ni hii: "Ee Mungu msaidie huyu mwanao aache kukojoa kitandani na awe anamaliza chakula." Hapo hujaongea na Mungu hata kidogo, umemgombeza mtoto huku kafumba macho hawezi kujitetea. Ukitaka kumwombea hadharani ombea kitu alichokuomba yeye.

Hatua ya 7: Sala ikibeba jambo zito

Itatokea. Mtoto atasema kwenye sala kitu ambacho hajamwambia mtu, "Mungu mwambie anko asije tena", "naomba baba asinywe". Usiruke, usifumbue macho kwa mshtuko, usikatize. Sema amina. Halafu mkiwa wawili, sio mbele ya wenzake, mwambie "nimesikia ulivyomwambia Mungu kuhusu anko, ukitaka na mimi uniambie nipo". Usimwulize maswali ya kumwongoza na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana huenda ukalazimika. Usimwachie kwa kusema "tumwachie Mungu" ukaishia hapo. Piga 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto, Tanzania ipo na Kenya ipo, au nenda kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama huyo anko ni mtu wa kanisani kwenu au wa msikitini kwenu ndo usianzie kwa wazee wa kanisa kabisa, anzia huko nje.

Mengine yote anayoyasema kwenye sala, yale ya kumpenda mtoto wa jirani na kuogopa choo cha shimo, yanabaki pale, hayaendi kuwa kichekesho cha mezani kesho yake. Nimevunja hii mara mbili na mara zote mbili nilijua palepale, mtoto anakuangalia tu.

Na kuna usiku atakwambia "leo sitaki kusali". Sawa. Sali wewe kwa kifupi, mfunike, zima taa.